Gauni Lilitangulia Harusini

"Pazia? Yaani mimi nimevalisha watu mapazia?"

"Sikusema hivyo. Nilisema kitambaa kile ukikitundika dirishani kinapendeza. Kama hiyo si sifa, basi sijui sifa ni nini."

Mama yake Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekamata chuma cha mlango. Chini yake, ndani ya ovaroli ya bluu yenye madoa ya kutu, alisimama Mama Mitungi, mpangaji wa chumba cha getini, muuza gesi wa mtaa mzima. Basi lilikuwa limekodiwa kupeleka watu kwenye harusi ya Fundi mji wa pili, na nusu ya mtaa ilishakaa ndani, vichwa vyote madirishani, maana ugomvi wa asubuhi hauna kiingilio.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo tu. Mama alichagua kitambaa cha sare, cha rangi ya chungwa, maua ya kijani makubwa kama sahani. Wanawake wote wa nyumba ile ya kupanga walikinunua na Fundi akawashonea. Mama Mitungi peke yake alikitazama, akakikunja, akakirudisha, akasema anaogopa kufungwa dirishani. Alisema kwa utani mchana. Kufika jioni neno lile lilishamfikia Mama likiwa limeota miguu na mkia. Tangu siku hiyo ikatoka amri kwamba basi ni la watu wa sare.

Mama Mitungi alijieleza. Alisema hata kusimama nyuma atasimama. Fundi amemjua tangu anashonea midoli nguo, na si haki yeye kuachiwa vumbi la basi siku mtoto huyo anapoolewa.

"Siku madirisha yatakapooana," Mama akasema, "nitakuletea kadi mlangoni."

Basi zima likaangua kicheko. Mama Mitungi hakucheka. Aligeuka, akaenda kwenye pikapu yake, akaanza kupakia mitungi ya wateja wake wa Jumamosi, akiibamiza mmoja mmoja mpaka ukuta wa chumba cha kushonea ukawa unatetemeka.

Ndani ya chumba hicho, nyuma ya ua, bibi harusi alisikia yote. Alikuwa ameinama kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni, amevaa gauni lake la kazi lililojaa vipande vya nyuzi. Jioni iliyotangulia alimwomba mama yake ampe Mama Mitungi kiti. Mama alimjibu bila hata kumtazama kwamba harusi ni yako, lakini watu ni wangu.

Fundi akarudi kwenye cherehani. Ndivyo alivyozoea. Wote walimwita Fundi, hata mama yake, na fundi kazi yake ni kuinama.

Alitaka kutoka wakati ule akamwambie Mama kwamba amezidi. Alishainua hata mguu kutoka kwenye pedali. Lakini mbele yake alisimama Shangazi, dada wa marehemu baba yake, ndani ya gagulo, ameshika sare yake ambayo zipu ilikataa kupanda.

"Mwanangu, hili gauni limenywea," Shangazi alisema.

Gauni halikunywea. Shangazi alipimwa kabla hajaanza kualikwa kwenye vikao vya maandalizi, na vikao vile vilikuwa na vitafunio. Fundi hakulisema hilo. Alifumua mishono ya ubavuni, akaongeza vipande vya pembeni, akapiga pasi. Nje watu walianza kuimba. Mtu alipiga ngoma kwenye bati la basi. Kila aliyepita dirishani alimwambia afanye haraka, na hakuna aliyemuuliza anamfanyia nani haraka.

Gauni lake mwenyewe la harusi lilikuwa limeshapelekwa garini. Bwana harusi, muuguzi wa zahanati ya mji huo wa pili, alituma gari dogo la rafiki yake limchukue, na kwa kuwa Fundi hakutaka nguo ikunjwe, gauni walilitandaza kiti cha nyuma, jeupe, refu, limefunikwa shela, limelala pale kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Pembeni yake waliweka viatu na mkoba wenye simu. Mjomba alipewa kiti cha mbele na kazi moja tu, kumtunza bibi harusi mpaka afike.

Shangazi akavaa. Zipu ikapanda. Akajigeuza mbele ya kioo, akataka uzi mmoja ukatwe, halafu mwingine, kisha akashika viatu mkononi na kuanza kukimbia.

"Shangazi, waambie nakuja," Fundi alisema.

"Ndiyo, ndiyo."

Fundi alichomoa pasi. Akafunika cherehani. Akaokota pini sakafuni, kwa sababu aliyekwisha kuchomwa na pini haziachi sakafuni hata siku ya kiama. Honi zikalia, vigelegele vikapanda, naye akadhani dereva anawaharakisha. Akaenda bombani akanawa uso, akafunga nywele, akatoka uani kwa kandambili.

Ua ulikuwa mtupu. Beseni limepinduka, mlango wa choo unajipigapiga kwa upepo. Getini, Mama Mitungi alikuwa anafunga kamba ya mwisho kwenye pikapu.

Wakatazamana.

"Wewe umeshukia wapi?" Mama Mitungi akauliza.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Wote."

Mama Mitungi akaelekeza kidole barabarani, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni msikiti au kanisa. "Nimemsikia mjomba wako kwa masikio haya. Kaulizwa, bibi harusi yumo? Kageuka, katazama kiti cha nyuma, kasema yumo, kajifunika shela, msimsumbue."

"Lilikuwa gauni."

Mama Mitungi alicheka mpaka akashika ubavu wa pikapu. Kisha akaona uso wa Fundi, kicheko kikakatika.

*

Afisa wa ndoa katika mji ule hufunga ofisi adhuhuri siku za Jumamosi. Jumanne bwana harusi alitakiwa kazini, na baada ya hapo anapelekwa kituo cha mbali kwa miezi sita. Ndiyo maana harusi ikawa kwake, ndiyo maana fungate ikawa ya siku mbili, kitu ambacho wanawake wa uani walikuwa wameshakipa jina, mapumziko ya chai. Ikipita Jumamosi ile, basi ni miezi sita ya kusubiri, na upande wa bwana harusi kulikuwa na shemeji ambaye tayari alikuwa anasema familia ile ya kike haiko makini.

Mama Mitungi alitoa simu yake. Fundi alijua namba moja tu kwa kichwa, ya mama yake, tangu utotoni. Ya mchumba wake alikuwa akibonyeza picha, namba zenyewe hazijui, na kulisema hilo kwa sauti kulimfanya ajisikie mjinga.

Walipiga. Simu ikaita, ikakatwa. Wakapiga tena, ikakatwa kabla haijaita vizuri. Kwenye basi, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, Mama alikuwa akiwaonyesha watu kioo cha simu: mnamwona huyu, hajamaliza matusi yake, ananifuata mpaka njiani. Na watu wakamwambia achana naye, mama, leo siku yako.

"Panda," Mama Mitungi akasema.

"Na wateja wako?"

"Wateja wangu watakula mikate. Panda kabla sijabadili mawazo. Na usinishukuru. Sikupeleki kwa ajili ya mama yako. Nakupeleka nikauone uso wake."

Pikapu ilikuwa nzee na mitungi ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila shimo lilipigiwa kengele. Mama Mitungi aliendesha kama anavyoongea, bila kupumzika. Alimchambua Mama kuanzia kitambaa mpaka namna anavyoanika nguo kwa kusogeza za wenzake. Akamchambua Mjomba, mtu mzima asiyejua tofauti ya mwanamke na matandiko. Fundi alibana mikono mapajani. Mwanzoni alihofia kuchelewa. Kisha, walipouacha mji nyuma, hofu ikamtoka na kitu kingine kikakaa mahali pake.

"Mama Mitungi," alisema. "Kila mtu kwenye lile basi amevaa mikono yangu."

Mama Mitungi akamtazama kidogo, akarudisha macho barabarani.

"Nimewashonea wote. Nimekesha. Najua kiuno cha kila mmoja na tumbo la kila mmoja. Hakuna hata mmoja aliyegeuka akatazama pembeni?"

"Mama yako alihesabu kreti za soda," Mama Mitungi alisema. "Nilimwona. Alihesabu mara mbili."

Akakanyaga mafuta, mitungi ikalia nyuma yao.

*

Mbele ya ofisi ya afisa wa ndoa, mambo yalikuwa yameharibika kwa saa nzima. Bwana harusi alifungua mlango wa nyuma wa gari dogo kwa adabu zote, akainama, akanyoosha mkono, akakuta gauni. Mjomba alianza kujitetea, akasema alikuwa humu, alikuwa humu. Wakapiga simu ya Fundi, ikalia ndani ya mkoba pembeni ya shela. Basi lilipofika, kila upande ulimrukia mwenzake, na yule shemeji akapata alichokuwa anakisubiri, akatembea huku na huko akiuliza kwa upole kama huko kwao mabibi harusi huwa hawaji.

Pikapu ilipokata kona, sare zote za chungwa ziligeuka kwa pamoja. Afisa wa ndoa, mtu mwembamba mwenye mkoba kwapani, alishafunga madirisha. Hakuweza kufunga mlango kwa sababu bwana harusi, ndani ya suti yake, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na mguu ameunyoosha ukiziba njia. Alikuwa amekaa pale bila kubishana na mtu, akisema tu kila akiambiwa anyanyuke, kwamba bado kidogo.

Fundi akashuka. Kandambili, gauni la kazi, utepe shingoni, vumbi mpaka kwenye kope. Alitegemea mama yake atamkimbilia, na kwa kweli Mama alikimbia. Lakini alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva.

"Nilijua," Mama alisema, sauti imepanda ili hata wakwe wa Fundi wasikie. "Nilijua utalipiza. Umemfungia mtoto wangu ili uniaibishe mbele ya watu."

Mama Mitungi alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kutosha safari nzima ya kurudi. Lakini Fundi alimshika mkono.

"Alikupigia simu," Fundi akasema.

"Ningejuaje kama ni wewe?"

"Ungepokea."

Shangazi alitazama viatu vyake. Mama akafumba na kufumbua macho, kisha akafanya kile anachokijua, akatoa amri. Alisema mabishano baadaye, gauni liletwe haraka, bibi harusi aingie ndani ya basi avae, mapazia ya dirisha yafungwe. Afisa akatazama saa yake. Akasema muda wa kuandika anao, wa kuvaa hana.

"Basi niandike hivi hivi," Fundi alisema.

Mama akamwambia ameshikwa na wazimu. Picha je? Watu je? Wakwe wataona nini?

"Wataona nguo ya kazi. Ndiyo nilikuwa nimevaa mliponiacha."

Bwana harusi alinyanyuka kwenye kizingiti, akajikung'uta vumbi. Alimtazama mchumba wake juu mpaka chini, akauliza kwa sauti ya chini kama utepe ule auache au autoe.

"Uache," Fundi akamwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulitaka kucheka ukashindwa.

Ndani kulikuwa na meza, picha ya kiongozi wa nchi, na kiyoyozi kilichokufa. Afisa aliuliza mashahidi ni nani. Bwana harusi akamsogeza rafiki yake mwenye gari. Upande wa pili Shangazi alishapiga hatua, mkoba mkononi, kwa kuwa ilikubaliwa kwenye vikao kwamba atakayesimama ni yeye, naye alishawaambia watu wa mbali na wa karibu.

"Shahidi wangu ni huyu," Fundi alisema, na kidole chake kikampita Shangazi, kikampita Mama, kikaenda mlangoni ambako Mama Mitungi alikuwa anachungulia kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie.

"Mimi nina kutu mikononi," Mama Mitungi alisema.

"Saini haioni kutu," afisa alisema. "Ingia, mama, niende nyumbani."

Akaingia. Akasaini taratibu, ulimi ameung'ata pembeni. Shangazi alisimama palepale alipoishia, hatua moja mbele ya wengine, hajui aendelee au arudi.

*

Kijumba cha fungate kilikuwa kando ya bwawa, mwendo mfupi kutoka mjini. Kilikuwa cha kukodi, chumba kimoja, jiko la nje, na baraza yenye viti viwili vya plastiki. Usiku wa sherehe Fundi alivaa gauni jeupe hatimaye, akapigwa picha na kila aliyetaka, akakata keki, akacheza. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Katikati ya shughuli aliuliza Mama Mitungi yuko wapi, akaambiwa yupo meza za nyuma, amekula. Akaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi na ngoma ilikuwa juu.

Asubuhi mume wake alikaanga mayai. Alimkatalia Fundi kabisa asishike hata kijiko. Fundi alikaa barazani, miguu juu ya kiti cha pili, akitazama maji, akijaribu kuzoea kwamba hakuna mtu anayemwita. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi ile, kwa vile dereva alikataa safari ya usiku na watu walilala kwa wakwe.

Pikipiki ya kukodi ikasimama mbele ya baraza. Akashuka Shangazi, kanga kiunoni, mkono mmoja mgongoni.

"Fundi, samahani, mwanangu. Dakika mbili tu. Ile zipu imekufa tena, na basi linanisubiri." Akatoa mfukoni sindano na uzi. Alikuja navyo.

Mume wake alitoka na kikaango mkononi, akasalimia, akaanza kutafuta mahali pa kumkalisha mgeni. Alikuwa mtu wa adabu. Shangazi alishapiga magoti nusu, mgongo ameugeuza, nguo imeachama kuanzia bega mpaka kiuno. Na ili kazi isiwe ya kimya, akaanza kupiga soga. Alisema sherehe ilifana. Alisema shemeji yule amelainika. Alisema ila mama yako naye ana roho, jana yule muuza gesi kafika mlangoni mwa ukumbi kanawa mikono vizuri, kaweka na kitambaa kichwani, mama yako kamwambia meza zimejaa, na wateja wake bila shaka wanamsubiri. Akageuza. Kaenda zake bila hata soda.

Sindano ilikuwa kwenye kiganja cha Fundi. Aliitazama.

"Shangazi. Jana ulipotoka chumbani nilikuambia nini?"

"Lini?"

"Ukiwa umeshika viatu."

Shangazi akageuza shingo kidogo. "Ulisema niwaambie unakuja."

"Ukawaambia?"

"Nilikuta watu wanaimba."

"Ukawaambia nini?"

Bwawani ndege alipiga maji. Shangazi alivuta pumzi, nguo ikaachama zaidi. "Dereva aliuliza kama kuna mtu amebaki. Nikasema... nikasema twende, mimi ndiye wa mwisho. Mwanangu, nilijua utakuwa na gari dogo. Bibi harusi huwa na gari dogo."

Fundi alinyanyuka. Mume wake, ambaye hajawahi kumwona amekasirika, alirudi nyuma hatua moja pamoja na kikaango.

"Mliniacha," alisema, "kwa sababu ya zipu hii. Nimekaa na zipu hii mpaka nusura nikose harusi yangu, na mtu aliyenifikisha mkamfukuza na njaa, na bado umepanda pikipiki mpaka kwenye fungate yangu uniletee zipu hiihii. Na sindano umebeba. Kwamba labda mimi sikubeba."

"Ni dakika mbili tu."

"Sishoni."

"Nitapandaje basi mgongo wazi?"

"Kaa kiti cha nyuma, Shangazi. Ujifunike shela. Watasema umo."

Alimrudishia sindano mkononi, akamkunjia vidole juu yake ili asidondoshe, akaingia ndani. Alisikia Shangazi akimlalamikia mume wake kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akasikia mume wake akimfunga kanga mabegani vizuri na kumlipia pikipiki. Aliporudi barazani alikuta mayai yamepoa. Alikula yote. Aliyemkasirikia sasa hakuwa Shangazi peke yake. Aliuliza mara moja tu jana, akatosheka na jibu la kwanza, akarudi kucheza.

"Kesho tunaondoka mapema," alimwambia mume wake. "Nina mtu wa kumwona."

*

Walifika nyumbani Jumatatu mchana kuchukua cherehani na nguo zake. Mama alishaandaa. Turubai limefungwa uani, masufuria yamejipanga, na wapangaji wote wamekaa mikekani wakiwasubiri, Shangazi akiwa pembeni na shingo ameigeuzia ukutani. Mlango mmoja tu ulikuwa umerudishiwa, wa getini.

Walipoingia, vigelegele vikapigwa. Mama alitandaza mikono. Fundi alimsalimia mama yake, shikamoo yake safi, akapokelewa. Kisha akamshika mume wake mkono, akageuka, wakarudi getini. Akabisha hodi.

Vigelegele vilifia njiani.

Mama Mitungi alifungua akiwa na kijiko mkononi. Nyuma yake, kwenye jiko, sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Alimtazama Fundi, akatazama ua mzima uliokuwa umegeuza shingo, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kama amekuja kumwombea nafasi kwenye turubai arudi, hataki kuitwa kwa kusukumwa.

"Sikuja kukuita," Fundi alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Niliambiwa umekula, nikakubali. Sikuja kuangalia."

Mama Mitungi alikoroga hewa na kile kijiko. Alionekana anatafuta tusi la kufaa, akakosa.

"Mume wako anakula maharage?"

"Ninakula," mume akasema.

"Basi msisimame mlangoni kama watu wa kudai kodi. Ingieni."

Wakaingia, wakakaa kwenye kitanda kwa kuwa viti vilikuwa na mitungi. Mlango ukabaki wazi. Huko uani hakuna aliyejua la kufanya. Huwezi kuanza karamu ya maharusi wakati maharusi wanakula chumba cha jirani. Mtu mmoja alisogeza sahani, mwenzake akamzuia. Nzi walishafika kwenye nyama. Mama alisimama katikati ya turubai, upawa mkononi, akitazama watu wake aliowaalika, na watu wake wakatazama mikeka.

Alikwenda mwenyewe. Ua ule si mpana, lakini siku hiyo Mama aliuvuka kama mtu anayevuka barabara kuu. Alisimama nje ya mlango. Fundi alimwona, akaacha tonge hewani. Hakumsaidia.

"Nilikata simu zako," Mama alisema, akimwambia Mama Mitungi lakini akitazama sakafu. "Zote."

"Najua."

"Na tulipofika kule nikaziona pale kwenye simu. Nikaelewa kwamba ni mtoto alikuwa anapiga. Nilielewa palepale, kabla hamjafika. Ningeweza kukupigia. Nikaona bora nikusingizie."

Maharage yalichemka. Mama Mitungi alimtazama mwenzake muda mrefu, yule mwanamke aliyemwonyesha kwa basi zima kama kichekesho, na mdomo wake ulikuwa umebana kwa hasira ambayo haikuwa imepungua hata kidogo. Kisha akanyanyua mtungi mmoja kutoka kwenye kiti, akauweka chini kwa kishindo.

"Ingia ule," alisema. "Na vua viatu, nimepiga deki."